Tawi Lililovunjika Haliangushi Majani

Ukipita Kasoli, huku Bariadi, katika miezi ya kiangazi, mvua ikiwa imekwisha kukatika na vumbi la luseni, udongo wetu wa kichanga, likifuata miguu ya ng'ombe, tafuta mti uliopukutisha majani yake, kisha utazame kama una tawi lililovunjika wakati wa masika. Mara nyingi utaliona. Watoto walilining'inia, au mchungaji alilivuta ili mbuzi wafikie majani, likabaki linaning'inia kwa ganda. Mti mzima uko mtupu, lakini tawi lile bado limejaa majani. Yamekauka, yamejikunja, yamekuwa na rangi ya udongo, na hayadondoki. Upepo wa Agosti unayachakarisha kutwa nzima, nalo haliachii.

Apitaye haraka atadhani tawi lile ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana limeshika. Limeshika kwa sababu limekufa.

Jani haling'olewi na upepo. Kabla upepo haujafika, mti wenyewe umekwisha kufanya kazi ndefu. Mahali kikonyo cha jani kinapoungana na tawi pana mkanda mwembamba wa seli, uliokuwapo tangu jani lilipokuwa changa. Ukame unapokaribia, mti huanza kurudisha mwilini mwake mali iliyowekwa katika jani. Sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi huvutwa kurudi kwenye tawi, shina na mizizi, na rangi ya kijani huvunjwavunjwa hadi njano ionekane. Kisha gesi iitwayo ethilini, ambayo mti huitengeneza wenyewe, huziamsha seli za ule mkanda ziyeyushe kinachozishikanisha. Wakati huohuo, upande wa tawi hujengwa tabaka la gamba, ili jani litakapokwenda pasibaki kidonda cha kupoteza maji au kuingiza ugonjwa. Kovu hutayarishwa kabla ya kuachana. Upepo humalizia tu.

Kazi hiyo yote hufanywa na seli zilizo hai. Tawi lililovunjwa ghafla halikupata muda wa kurudisha kitu wala kujenga gamba, wala halina tena nguvu ya kuyeyusha chochote. Likabaki na majani yake yote, bila faida kwake wala kwa mti.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, na ninaamini Muumba amelining'iniza pale ili tulione. Wengi wetu tumezoea kuiona kazi ya kuacha kuwa ya mauti. Mali tunaiacha tunapozikwa. Cheo tunakiacha tunapoondolewa. Kinyongo tunakiacha aliyetukosea akishalala kaburini, na hata hapo si wote. Lakini Bwana Yesu alipopita kando ya ziwa la Galilaya aliwaita watu waliokuwa na nyavu mikononi, wenye baba na chombo na kazi ya kesho. Yule mama Msamaria aliuacha mtungi wake kisimani akiwa bado na kiu ya nyumba nzima ya kukidhi. Bartimayo, kipofu wa Yeriko, alilitupa vazi lake kabla hajafunguliwa macho. Kwa ombaomba wa barabarani vazi lilikuwa mkeka wake na blanketi lake. Alilitupa akiwa bado haoni, asijue kama atalipata tena. Hao wote waliacha wakiwa hai, na kuacha kwao kulikuwa alama ya uhai ulioanza kutembea ndani yao.

Katika Usukuma mwalimu mkubwa wa somo hili ni mbuyu. Unaweza kusimama zaidi ya miaka elfu moja, na sehemu kubwa ya kila mwaka wa maisha hayo husimama bila majani. Wageni huuona wakadhani umekufa, au kwamba umepandwa juu chini. Wenyeji wanajua kwamba ndani ya shina lile nene kuna maji mengi yaliyowekwa akiba, na ukilikwangua ganda kidogo utakuta chini yake utando wa kijani unaoendelea kula mwanga wa jua wakati majani hayapo. Na ua lake! Hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likisubiri popo. Kesho yake limenyauka, na muda si mrefu liko chini. Mti wa miaka elfu haung'ang'anii ua lake hata kwa siku ya pili. Mungu angeweza kuupa maua ya kukaa miezi. Ameupa la usiku mmoja, na usiku huo mmoja unatosha kuzaa ubuyu.

Mkulima wa Bariadi hahitaji kwenda hadi kwenye mbuyu kuyaona haya. Anayaona katika pamba yake, tena kwa uchungu. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa na weupe wa maziwa, siku ya pili linageuka kuwa la waridi, kisha linanyauka. Hilo halimsumbui mtu. Linalomsumbua ni kuona chini ya mimea matumba ya maua na vitumba vichanga vimetapakaa, wakati hakuna mvua ya mawe iliyopiga wala mdudu aliyeonekana. Kuna vinavyoangushwa na wadudu au ukame, ni kweli, na mkulima mwangalifu hukagua shamba lake. Lakini hata mpamba wenye afya huangusha zaidi ya nusu ya matumba na vitumba ulivyoanzisha. Huanzisha vingi kuliko uwezo wake wa kuvilisha, kisha huviachia vingine kwa njia ileile ya jani, kwa mkanda uleule wa seli, ili vinavyobaki vijae nyuzi. Shina lisiloachia lolote lingempa mkulima vitumba vingi visivyofunguka.

Hapa ninamfikiria mtu aliyejaza maisha yake kamati tatu, kwaya mbili, duka, shamba la kukodi na ugomvi wa mpaka, vyote vimeanzishwa kwa nia njema, hakuna kilichokomaa. Kuacha si lazima kuanze na dhambi. Dhambi ni wazi kwamba iachwe. Kazi ngumu ni kuachia kitumba kizuri kwa ajili ya kitumba kingine kizuri.

Mavuno yakiisha hubaki mashina. Mpamba kwa asili yake si mmea wa mwaka mmoja. Ukiuacha shambani utachipua tena mvua zikija, na kwa macho ya haraka utaona umepewa zao la bure. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kila mwaka kwamba maotea na masalia yote yang'olewe na kuteketezwa ifikapo Septemba 15. Ndani ya vitumba vikavu vilivyosalia hujificha funza wa vitumba, akilala kiangazi chote akingoja maua mapya. Anayebakiza mashina ya mwaka jana anamtunzia adui wa mwaka ujao, tena si wake peke yake, maana nondo hawajui mpaka wa shamba la jirani. Kwa hiyo mwezi Septemba moshi hupanda katika mashamba ya Simiyu, na watu wanachoma mimea ileile waliyoipalilia kwa jasho, iliyowapa ada za shule.

Kanisa nalo lina moto wa namna hii. Majivu tunayopakwa kwenye paji la uso siku ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Matawi tuliyoyapunga tukishangilia, ambayo wengine huyachomeka nyuma ya msalaba wa ukutani mwaka mzima, hurudishwa yachomwe. Hata shangwe yetu takatifu ya jana haihifadhiwi isiguswe. Inageuzwa kuwa mwanzo wa toba ya leo.

Kuna moto mwingine katika Biblia ambao msomaji wa Usukuma atauelewa kuliko mhubiri wa mjini. Eliya alimkuta Elisha akilima na jozi kumi na mbili za maksai, mwenyewe akiwa na ile ya kumi na mbili. Anayejua thamani ya jozi moja ya maksai waliofundishwa jembe, na miezi inayopita hadi wafuate mstari bila kuchapwa, anaelewa kwamba huyu hakuwa kijana aliyekosa kazi. Alipotupiwa vazi la nabii, aliomba kwanza akawabusu baba yake na mama yake. Kisha akachinja jozi yake, akatumia miti ya zana za kulimia kuwa kuni, akapika nyama, akawapa watu wakala. Ndipo akaondoka. Ninaipenda sana habari hiyo kwa sababu ya kile chakula. Angeweza kuondoka usiku na kuacha maksai wakizurura. Badala yake alichoacha kilikuwa shibe ya wengine.

Antoni wa Misri, Mwafrika mwenzetu, alifanya vivyo hivyo karne ya tatu. Wazazi wake walikuwa wamemwachia ardhi kubwa yenye rutuba na dada mdogo wa kumlea. Akasikia kanisani Injili ya yule kijana tajiri aliyeambiwa auze alivyo navyo awape maskini. Alitoka akawagawia watu wa kijiji ile ardhi, akauza vitu vingine, fedha akawapa maskini. Lakini hakutoka mbio kwenda jangwani. Alitenga kwanza sehemu kwa ajili ya dada yake, na alipoamua kuachia hata hiyo, alimkabidhi binti yule kwa wanawake waaminifu wa Kanisa wamlee. Utakatifu wake ulikuwa na gamba juu ya kovu. Alikuja kuwa baba wa watawa wa dunia nzima, na hadi kifo chake mwaka 356 hakukuwa na mtu wa kusema kwamba alimtupa dada yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu miaka yetu imeona mafundisho ya kuacha yaliyogeuka kuwa mauti. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi huko Kenya, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliofuata mahubiri ya kuacha shule, kuacha hospitali, kuacha kazi na mwisho kuacha chakula ili wakutane na Bwana. Ilizidi 400, wakiwamo watoto wengi. Moyo unasita kuandika. Lakini mti unatusaidia kupambanua. Mti huachia jani ili mzizi uishi, na hakuna mti unaoangusha mzizi wake. Mafundisho yanayomtaka mama aachie uhai wa mtoto wake, au baba aitelekeze familia yake akaliite jambo hilo wito, yamevunja tawi. Yesu alimwambia yule tajiri auze awape maskini. Hakumwambia amletee mhubiri.

Kuna pia suala la wakati. Katika jamii yetu ya wafugaji ng'ombe ni benki, ni mahari, ni heshima. Dalili za ukame zinapoonekana, wapo wanaouza sehemu ya kundi mapema, ng'ombe wakiwa bado na mwili, wakanunua mahindi na kuwapunguzia wanaobaki mashindano ya malisho. Na wapo ambao hawawezi. Kila mnyama ana jina na historia: huyu alikuja na mahari ya dada, yule ni uzao wa ng'ombe wa babu. Wanangoja. Mwisho wanauza ngozi. Simlaumu mfugaji huyo, maana upendo wake ni wa kweli. Nasema tu kwamba mti huyaachia majani yake ukiwa bado na maji. Msamaha nao ni hivyo. Kuna kusamehe ambako bado kunaweza kurudisha ndugu wawili mezani, na kuna kusamehe kunakofika mmoja akiwa hawezi tena kusikia.

Mvua za kwanza zinapogonga ardhi, vichuguu hufunguka na kumbikumbi hutoka kwa wingi. Watoto hukimbia na mabeseni, kuku hushiba, na sisi wakubwa tunajua ladha yao wakikaangwa. Wale wanaonusurika ndio wa kuangaliwa. Kumbikumbi hupewa mabawa manne ya kuruka safari moja tu. Akitua, hulipindisha bawa na kulivunja yeye mwenyewe, na hukatika mahali palepale kila mara, kwa kuwa kwenye shina la bawa kuna mstari uliowekwa kwa kazi hiyo tangu alipoumbwa. Kisha dume na jike hufuatana chini, wakatafuta ufa, wakachimba. Ndani ya chumba kile, misuli mikubwa iliyokuwa ikipiga mabawa huyeyushwa mwilini na kuwa chakula cha wana wa kwanza. Nguvu ya kuruka inageuzwa kuwa nguvu ya kulea. Jike akiishi atakuwa malkia atakayetaga maelfu ya mayai kwa siku, kwa miaka mingi, katika giza, bila kuruka tena. Ambaye hakukatika mabawa hawezi kupita katika mlango wa chini. Aliyeuweka mstari ule kwenye bawa la mdudu alijua tangu mwanzo kwamba kuruka kungekuwa na mwisho, na kwamba mwisho ule haungekuwa hasara.

Katika makanisa yetu mstari huo tunauficha. Mzee wa kanisa aliyeshika uenyekiti tangu jengo lilipokuwa la nyasi anaushika hadi vijana wanaondoka. Mwalimu wa kwaya haachii fimbo. Mwanzilishi wa huduma anamrithisha mwanawe asiye na wito. Wanapenda walichokijenga, na ndiyo maana inauma. Hapa Tanzania tuna mfano ambao wengi wetu tuliuona kwa macho. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki wa sala ambaye leo Kanisa lake linamwita Mtumishi wa Mungu, alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi mwezi Novemba 1985 akiwa hajalazimishwa na mtu, katika bara ambalo marais wengi walitoka kwa bunduki au kwa jeneza. Alibaki mwenyekiti wa chama hadi 1990, akaachia na hicho. Akarudi Butiama kulima. Miaka yake ya mwisho, kabla ya kufariki Oktoba 1999, aliitumia kuwapatanisha Warundi, kazi ambayo ingemwia vigumu mtu aliyekuwa bado analinda kiti chake.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980, nchi ya Wasukuma ilikuwa katika hali ya kutisha. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Wakati wa ukoloni vichaka na misitu vilikuwa vimefyekwa kwa eneo kubwa ili kumwondoa ndorobo. Pamba ikataka mashamba. Mifugo ikaongezeka. Vijiji vilipoanzishwa miaka ya 1970 watu walihamishwa kutoka kwenye maeneo yao ya zamani, na utaratibu wa kale wa kutunza malisho ukavurugika. Nyerere mwenyewe aliionya nchi kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mwanzoni ulijaribu njia ambayo wengi wangeifikiria: vitalu vya miche, miti ya kigeni, kupanda, kumwagilia. Ilifika mahali fulani tu. Kilichoiponya nchi ni jambo ambalo wazee walikuwa wanalijua, ngitili.

Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo familia au kijiji huifunga mvua zinapoanza, wakati nyasi ni tamu na ng'ombe wanaitamani, wakaiacha ikue hadi kiangazi. Haipandwi kitu. Haijengewi ua. Kinachoilinda ni neno la watu na, tangu zamani hadi sasa, dagashida, baraza la wote, linalomtoza faini mwenye kuingiza mifugo. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mpango ulipomalizika mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi, katika vijiji 833. Wataalamu walipokwenda kuhesabu walikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea ya kutambaa, na aina 145 za ndege. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Nani aliipanda miti hiyo? Ilikuwamo. Chini ya ardhi iliyoonekana imekufa kulikuwa na mizizi ya migunga iliyokatwa miaka mingi nyuma, bado hai, ikichipua kila mvua na kuliwa kila wiki. Kulikuwa na mbegu zilizolala. Mungu alikuwa ameiweka misitu ya Shinyanga mahali ambapo shoka halifiki, akawa anangoja watu waondoe mkono. Hii ndiyo sheria aliyowapa Israeli kwa mkono wa Musa: miaka sita panda, mwaka wa saba iachie nchi ipumzike, na kinachoota chenyewe kiwe cha maskini na cha wanyama wa porini. Tulidhani ni sheria ya watu wa kale wasio na mbolea. Bariadi na Maswa na Meatu zimeona kwa macho kwamba nchi iliyoachwa inafanya kazi ambayo mikono haikuweza.

Na inahitaji imani kubwa kuliko kupanda. Anayepanda anaonekana anafanya kitu. Anayefunga ngitili mwezi Desemba anapita kila jioni na ng'ombe wenye njaa kando ya majani marefu ambayo ni yake, wala hawaingizi humo. Anamfundisha mtoto wake mchungaji kuzuia ndama wasivuke. Jirani anamcheka. Mwezi Januari unapita hivyo, na Februari.

Nyasi za nje zinapokuwa zimeliwa hadi udongo, baina ya Julai na Oktoba, ngitili hufunguliwa kwa sehemu. Makundi yote hayaingii kwa pamoja. Wa kwanza kuruhusiwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa, wanaonyonyesha, na maksai watakaolima pamba mwezi Novemba.